Kusoma riwaya bila kutafuta dhamira: ninyi mnaoandika mnasomaje?

BintiKondoa ameuliza:

Ndugu wasomaji, habari za jioni.

Mimi ni muuguzi mkoani Dodoma, na tangu nikiwa shuleni nimekuwa mtu wa vitabu. Husoma zamu ya usiku inapotulia, husoma ndani ya basi, na mshahara ukitoka siwezi kumpita muuzaji wa vitabu vya mtumba bila kusimama. Kwa muda sasa ninaandika pia hadithi fupi, ambazo bado ziko daftarini na zimesomwa na watu wachache tu ninaowaamini.

Shida yangu ni hii. Nilifundishwa kusoma kwa jedwali. Upande mmoja tuliandika maudhui: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Upande wa pili tuliandika fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Kidato cha nne tulisoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie kwa namna hiyo, na wenzangu wengi hawakuvifungua vitabu vyenyewe kwa sababu mwongozo uliouzwa mtaani ulikuwa umekwisha kulijaza jedwali lote. Mimi nilivisoma na nikavipenda, lakini hadi leo nikifungua riwaya mpya, kabla ya ukurasa wa kumi akili imekwisha kuandika pembeni: nafasi ya mwanamke, rushwa, mgongano wa ukale na usasa.

Ninapoandika, hali ni hiyohiyo kwa kinyume chake. Huanza na dhamira, nikasema hadithi hii itahusu mirathi, kisha nikatafuta watu wa kuithibitisha. Mwenzangu kazini alisoma hadithi yangu ya mjane anayenyang'anywa shamba, akaniambia kwa upole kwamba alijua mwisho wake tangu ukurasa wa pili, kwa sababu shemeji alikuwa mbaya kuanzia jina lake, na ilikuwa wazi kwamba aya ya mwisho ingemwadhibu na kutuhusia.

Naomba wale wanaosoma sana na kuandika pia wanieleze: mnasomaje ili kitabu kiwafundishe kuandika, na si kujibu mtihani? Na je, mtu aendelee kusoma wakati ana hadithi mkononi, au asubiri aimalize kwanza?

MwalimuWaMagharibi amejibu:

Dada, nimefundisha Kiswahili katika shule za upili magharibi mwa Kenya kwa muda mrefu, na kwa hiyo mimi ni mmoja wa wale waliokutia jedwali hilo kichwani, ijapokuwa tuko pande mbili za mpaka. Niruhusu nilitetee kidogo kabla ya kulishambulia.

Huku kwetu karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ndiyo ya fasihi, na swali linalojulikana kuliko yote humpa mtahiniwa maneno kutoka kitabuni na kumtaka aeleze muktadha wa dondoo hilo. Anatakiwa kusema nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi na kwa sababu gani. Wanafunzi hulikariri jibu kama sala, lakini hakuna swali linalomfaa mwandishi zaidi ya hilo. Chukua sentensi yoyote katika hadithi yako ya mjane na uiulize maswali hayo manne. Ukikuta sentensi ambayo haisemwi na mtu yeyote, wala haisemwi kwa mtu yeyote, wala haina mahali, basi umekuta palipoingia mwalimu wako wa fasihi, na hapo ndipo pa kukata.

Sehemu nyingine za jedwali hazina msaada huo. Dhamira ni kitu anachookota msomaji baada ya kitabu kwisha. Mwandishi akianza nayo, wahusika wake hugeuka mashahidi walioitwa kutoa ushahidi uliopangwa. Na sisi Wakenya tuna ugonjwa wa ziada, ambao ni insha. Mtoto wa darasa la sita amekwisha kukariri namna ya kufungua simulizi kwa majogoo kuwika na jua kuchomoza kwa madaha, na namna ya kuifunga kwa methali iliyopigiwa mstari. Akikua na kupenda uandishi, majogoo yale humfuata hadi katika riwaya yake ya kwanza. Nimesoma miswada ya watu wazima ambamo kila sura huanza alfajiri.

Kuhusu namna ya kusoma, mimi husoma kitabu mara ya kwanza bila kalamu, kwa raha tu, hata kama nakisoma vibaya. Kikinishika, narudi mwanzo na kujiuliza jambo moja katika kila sura: je, msimulizi anajua nini hapa ambacho mimi sijaambiwa? Jaribu hivyo kwa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea anasimulia maisha yake mwenyewe, kuanzia Tanga alikolelewa na mama aliyekuwa mwimbaji wa taarabu hadi safari ya Kenya kumtafuta baba. Anayesimulia ni mtu mzima ambaye tayari anajua safari iliishia wapi, ilhali anayeishi matukio yale ni kijana asiyejua lolote. Hesabu ni mara ngapi mtu mzima yule anajizuia asimwonye kijana. Kujizuia huko ndiko kunakokufanya ufungue ukurasa unaofuata, na jedwali halina mahali pa kuandika jambo hilo.

Swali lako la pili nitalijibu kwa ufupi: ninapoandika sisomi mwandishi mwenye sauti kali, kwa sababu wiki mbili baadaye nakuta sentensi zangu zimevaa nguo zake. Wakati huo husoma historia na magazeti.

MzeeWaMjiMkongwe amejibu:

Mwalimu amesema vizuri, lakini nina neno la kupinga, na naomba vijana wanivumilie.

Naona tunaanza kuyaogopa mafunzo kana kwamba ni uchafu. Fasihi yetu haikuanzia kwenye riwaya, na wazee wetu hawakuona haya kufundisha. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, na utenzi huo ni mawaidha tangu mwanzo hadi mwisho: namna ya kumcha Mungu, kuishi na watu na kukaa na mume. Leo mtu anaweza kuyabishia mengi katika mawaidha yale, na wanawake wasomi wameyabishia kweli, lakini hakuna aliyeutupa utenzi. Kwa nini? Kwa sababu mama yule hasemi na ulimwengu. Yu mgonjwa, na mwenyewe anataja kwamba maradhi yamemshika hata mwaka umetimu. Anamwita binti yake asogee, anamtaka atwae wino na karatasi kwa kuwa ana jambo moyoni angependa kumwambia. Kila wasia unaofuata unausikia ukitoka kwa mtu anayehisi kwamba muda wake umekaribia, ukienda kwa mtoto atakayebaki bila mama.

Kwa hiyo, binti yangu wa Kondoa, sikubaliani na ushauri wa kufuta kila funzo. Funzo lako la mirathi ni la haki na limejaa katika mahakama zetu. Mpe mtu wa kulisema, mwenye sababu ya kulisema siku hiyo na si siku nyingine, na mpe msikilizaji ambaye pengine hataki kulisikia. Mjane akimwambia mwanawe wa kiume, ambaye kesho naye atakuwa shemeji wa mtu, maneno yaleyale uliyoyaweka katika aya ya mwisho yatakuwa na uzito mwingine kabisa.

Na jingine. Someni kwa sauti. Nyumbani kwetu riwaya ilisomwa barazani baada ya magharibi, mmoja akisoma na wengine wakimkatiza. Mahali mwandishi alipozidisha maneno palijulikana mara moja, kwa sababu watu walianza kuulizana habari za bei ya samaki. Nilisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa namna hiyo, na ingawa kitabu kile kimejaa siasa za Unguja ya wakati wa Mwingereza, hakuna aliyegeuza shingo, kwa kuwa siasa ile tuliingia kwayo kupitia kwa msichana wa miaka kumi na mitano, Yasmin, aliyeozwa mzee Raza, akamkimbia kule Mombasa, akarudi Unguja, akakataliwa na jamaa zake na kupokewa Ng'ambo na Mwajuma. Tulikuwa tumekwisha kumhurumia yeye kabla Denge, kijana mpigania uhuru, hajatufikisha kwenye mikutano ya siri. Laiti angetangulia Denge na hotuba zake, baraza lingetawanyika.

Abiria_wa_Mbagala amejibu:

Mimi si mwandishi, ni msomaji tu, ila nashangaa kwamba hakuna aliyetaja jambo lililo wazi. Dada anataka kusoma bila jedwali. Basi na asome vitabu ambavyo hakuna aliyewahi kumtungia mtihani. Marehemu baba yangu alikuwa na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ikiwa haina jalada, na mimi nilimsoma Willy Gamba, yule jasusi wake, chini ya shuka kwa tochi. Hakuna mwalimu aliyeniuliza falsafa ya Willy Gamba. Nilitaka kujua tu kama atapona. Baadaye nilipoingia kidato cha tano na kusikia neno taharuki, nilikuwa nimekwisha kuijua mwilini.

Wahakiki huziita riwaya pendwa kana kwamba kupendwa ni kosa. Anayetaka kujua namna ya kuifunga sura ili msomaji asilale, amsome Musiba kabla ya kusoma kitabu chochote cha nadharia.

MhaririWaZamani amejibu:

Nilihariri vitabu jijini Dar es Salaam hadi nilipostaafu, na nitasema kutoka upande huo wa meza.

Kwanza, jedwali halikai kichwani mwa mwandishi peke yake. Liko pia sokoni. Riwaya ya Kiswahili inayopata ithibati na kuingia katika orodha ya vitabu vya shule huuzwa kwa wingi na kwa miaka, na isiyoingia huuzwa polepole kwa wapenzi wachache kama ninyi. Kila mchapishaji anajua hivyo, na waandishi nao wanajua. Ndiyo maana niliwahi kupokea miswada ambayo mwandishi ameambatisha barua ya kunieleza dhamira zake, akizipanga tayari kwa ajili ya maswali ya mwisho wa kitabu. Mtu huyo hakuwa akimwandikia msomaji, alikuwa akiiandikia kamati. Simlaumu, kwa maana anahitaji kula, lakini ni vizuri kujua sauti hiyo inatoka wapi unapoisikia ikikunong'oneza. Tena orodha zenyewe hubadilika. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa shuleni kwa sababu ilizungumza wazi mno kuhusu masaibu ya msichana. Baadaye ikasomwa na kutahiniwa katika shule zilezile.

Pili, kuhusu kusoma wakati unaandika, sikubaliani na Mwalimu, na mfano wangu ni Kezilahabi huyohuyo. Hakuna aliyemsoma Shaaban Robert kwa bidii zaidi yake, kwani tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa tayari amechapisha riwaya tatu. Linganisheni sasa. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, mshtakiwa mwema anaitwa Karama na waziri anayemshtaki anaitwa Majivuno. Jina limekwisha kutuambia tumpende nani. Huo ulikuwa mtindo uliochaguliwa kwa makusudi na mtu aliyekuwa akiandika juu ya utawala mbovu huku akiishi chini ya utawala wa kikoloni, akiwa ametumikia serikali hiyo kwa miaka mingi. Nchi ya kubuni na majina ya sifa vilimpa kinga. Kisha fungueni Kichwamaji ya mwaka 1974. Kazimoto anasimulia mwenyewe, ni kijana wa chuo kikuu anayerudi kwao, na kadiri anavyotufungulia mawazo yake ndivyo tunavyozidi kutojua kama tumwamini. Hakuna jina la kutuongoza. Na mwaka 1990, alipofika kwenye Nagona, hata mfuatano wa matukio aliuacha. Mtu anaweza kuketi na mwandishi mmoja kwa miaka na asimwige hata kidogo, mradi anajiuliza kwa nini mwenzake alifanya vile. Kuiga humpata anayesoma kwa kulewa sauti, bila kuuliza.

Dada, shemeji yako ni Majivuno. Jina lake halina budi kubadilika, lakini muhimu zaidi ni kumtafutia sababu ambayo yeye mwenyewe anaiona ya haki. Pengine alilisafisha shamba lile na marehemu kaka yake walipokuwa vijana. Pengine ana watoto na hana pa kuwapandia. Kabla hujaandika tena, andika ukurasa mmoja ambamo shemeji analalamika kwa rafiki yake, nawe usimkatize. Ukurasa huo hautaingia katika hadithi, ila utakusaidia.

Tatu ni jambo la kiufundi ambalo nililirudia kwa karibu kila mwandishi mpya: funika aya ya mwisho kwa kiganja na usome hadithi bila hiyo. Mara nyingi hadithi huwa ilikwisha aya moja au mbili nyuma, na kilichobaki ni mwandishi akimsindikiza msomaji mlangoni huku akimkumbusha aliyoyasikia. Na ukikuta kwamba bila aya hiyo hadithi haieleweki, basi tatizo liko katikati na si mwishoni.

Mkitaka mahali pa kupeleka kazi, kuna Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa. Na kwa Watanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Lakini msiziandikie tuzo. Zina kamati pia.

BintiKondoa amejibu:

Shikamoo Mzee, na nawashukuru nyote. Nimesoma majibu haya zaidi ya mara moja.

Nilifanya zoezi la Mhariri. Nilimwacha shemeji alalamike kwa fundi baiskeli, na nikashangaa kwamba alianza kuzungumzia jembe. Anasema jembe lililoko nyumbani kwa mjane ni la baba yao, na kwamba siku ya arobaini alimwona mtoto wa mjane akiligongea msumari. Sikuwa nimepanga jambo hilo. Sasa ninamwelewa vya kutosha kiasi kwamba siwezi tena kumwadhibu, na hadithi imebaki bila mwisho.

Maswali manne ya Mwalimu yalifuta karibu theluthi ya hadithi ya zamani. Zilizofutwa zilikuwa sentensi nzuri, na ndizo nilizozipenda. Ila Mwalimu, nina ubishi mmoja. Umesema dhamira huokotwa na msomaji baada ya kitabu kwisha, lakini mimi kweli nilianza na hasira. Wodini nimewaona wajane wanaokuja na vidonda vya tumbo ambavyo dawa haiviponyi kwa sababu kesi ya shamba bado iko barazani. Nikiiacha hasira hiyo nje ya mlango, sitakuwa na sababu ya kuandika.

MwalimuWaMagharibi amejibu:

Hasira usiiache, na ubishi wako naupokea. Hasira ina mtu aliyekukasirisha, ina siku na ina mahali. Imekwisha kujibu maswali yote manne. Tofauti yake na dhamira ni hiyo hasa. Ukiandika "mirathi" unapata mada ya insha, lakini ukiandika mwanamke yule wa wodini aliyekataa kulazwa kwa sababu baraza lilikuwa linakaa kesho yake, tayari una mhusika, na mirathi itakuja yenyewe bila kuitwa. Bila shaka utabadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha, kwa maana wewe ni muuguzi na siri za mgonjwa si mali ya daftari lako.

Na jembe libaki. Mimi ningeanzia hapo, mchana, bila jogoo.

MzeeWaMjiMkongwe amejibu:

Marahaba, mwanangu. Hadithi kubaki bila mwisho kwa sasa si msiba. Nakushauri uisome kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyependa vitabu, usimwambie kwamba imetungwa na wewe, na umtazame ni wapi anaposhika simu yake. Kisha umuulize swali moja tu: jembe lile, kwa maoni yake, ni la nani? Akijibu haraka, bado umempendelea mjane. Akikaa kimya kidogo, au akianza kukusimulia habari za shamba la kwao, utakuwa umekaribia, na hapo uniletee nami niisikie.